Mfereji wa Panama na Misitu Inayounywesha Maji

Msomaji atazamapo ramani ataona ya kuwa Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini zimeunganishwa na ukanda mwembamba wa nchi kavu. Hapo palipo pembamba ndipo ilipo nchi ya Panama. Upande mmoja ni Bahari ya Atlantiki, na upande wa pili ni Bahari ya Pasifiki. Na kati ya bahari hizo mbili umepita mfereji wenye urefu wa maili 50 hivi, ambao meli huupita usiku na mchana. Kabla haujafunguliwa, tarehe 15 Agosti 1914, meli iliyotoka New York kwenda San Francisco ilikuwa haina budi kuizunguka Amerika ya Kusini yote. Mfereji uliipunguzia safari hiyo maili zipatazo 8,000.

Wengi waujuao Mfereji wa Suezi hudhani kwamba ule wa Panama ni ndugu yake, yaani handaki refu lililochimbwa hata maji ya bahari moja yakakutana na maji ya bahari nyingine. Sivyo. Suezi ni maji ya chumvi toka mwanzo hata mwisho, nao wapita katika jangwa. Panama meli hupandishwa juu kwa ngazi za maji, huvuka ziwa la maji matamu, kisha huteremshwa upande wa pili. Maji hayo yote ni ya mvua. Pasipo mvua hapana mfereji. Na pasipo misitu, mvua ikishanyesha hukimbilia baharini. Jambo hilo ndilo lililoipa Panama mapato makubwa, na ndilo linaloitia wasiwasi leo.

Mto, Milima na Mbu

Wa kwanza kujaribu kazi hii walikuwa Wafaransa, wakiongozwa na Ferdinand de Lesseps, yule yule aliyeufanikisha Mfereji wa Suezi uliofunguliwa mwaka 1869. Walianza mwaka 1881, wakikusudia kuchimba mpaka usawa wa bahari kama walivyofanya Misri. Lakini Panama si Misri. Mvua za huko hunyesha yapata miezi minane kwa mwaka. Udongo wa vilima uliporomoka na kuyajaza yaliyokwisha kuchimbwa, na Mto Chagres ulipofurika haukuzuilika. Zaidi ya hayo kulikuwa na homa ya manjano na malaria. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba homa hizo hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Katika hospitali, miguu ya vitanda ilisimamishwa ndani ya vibakuli vya maji ili chungu wasiwapandie wagonjwa, na mbu wakazaliana katika vibakuli vile vile. Yakadiriwa kwamba watu wapatao 20,000 walikufa kabla kampuni ya Wafaransa haijafilisika mwaka 1889.

Wamarekani walipoishika kazi hiyo mwaka 1904, ilikwisha kujulikana kwamba mbu ndiye aletaye homa zote mbili. Daktari William Gorgas alipewa kazi ya kumwangamiza. Nyumba zilifukizwa dawa, mapipa ya maji yakafunikwa, mifereji ya kukausha vinamasi ikachimbwa, na mafuta yakamwagwa juu ya madimbwi. Kabla ya mwaka 1906 kwisha, homa ya manjano ilikuwa imetoweka katika sehemu za kazi. Hata hivyo kazi haikuwa ya salama. Vitabu vya hesabu vya Wamarekani vyaonyesha vifo 5,609 katika miaka ile kumi, kwa maradhi na kwa ajali, na wengi wa waliokufa walikuwa watu weusi kutoka visiwa vya Barbados na Jamaica na vinginevyo vya Karibi. Hao ndio waliobeba sululu na baruti. Mishahara yao ililipwa kwa fedha, na ya Wamarekani weupe kwa dhahabu. Wala makao yao na vyakula vyao havikuwa sawa.

Rais wa Marekani aliyeisukuma kazi hiyo, Theodore Roosevelt, si mgeni katika historia ya Kenya. Mwaka 1909, baada ya kutoka katika urais, alishuka Mombasa na kuzunguka nchi akiwinda wanyama kwa ajili ya makumbusho ya shirika la Smithsonian lililoko Washington. Shirika hilo litatajwa tena hapa chini.

Wahandisi wa Kimarekani hawakushindana na Mto Chagres kama Wafaransa. Waliuziba. Karibu na mahali paitwapo Gatun walijenga ukuta wa udongo na mawe wenye urefu wa maili moja na nusu hivi, na unene wa karibu nusu maili chini kwenye msingi. Maji ya mto yalirudi nyuma yakajaza mabonde, likawa Ziwa Gatun, ambalo wakati ule lilikuwa ziwa kubwa kupita yote yaliyowahi kufanywa na mikono ya watu. Uso wake uko futi 85 juu ya bahari.

Chini ya maji hayo iliachwa misitu iliyosimama, na vilevile vijiji. Kwa amri iliyotolewa mwaka 1912, wenyeji waliondolewa katika ukanda wote wa mfereji. Miji ya kale iliyokuwa kando ya mto na kando ya reli ilizama au ilibomolewa, na watu makumi ya maelfu wakatafuta makao mahali pengine. Jambo hilo halikusahauliwa na wajukuu wao.

Jinsi Meli Ipandavyo

Meli itokayo Atlantiki huingia karibu na mji wa Colón, na baada ya maili chache hukabili vyumba vya maji vya Gatun. Kila chumba ni kama birika kubwa mno la zege, lenye milango ya chuma mbele na nyuma. Vyumba vya zamani vina urefu wa futi 1,000 na upana wa futi 110. Meli huingia, milango hufungwa, kisha maji ya ziwa hufunguliwa yateremke kwa uzito wake yenyewe, bila pampu yo yote, na meli huinuka pamoja nayo. Baada ya vyumba vitatu imefika juu ziwani. Upande wa Pasifiki huteremshwa kwa namna hiyo hiyo, chumba kimoja Pedro Miguel na viwili Miraflores.

Lakini maji yaliyoinua meli na kuishusha hayarudi. Humwagwa baharini. Meli moja ipitayo katika vyumba vya zamani hutumia lita zipatazo milioni 200 za maji matamu. Mkulima ahesabuye kwa debe la lita 20 ajue kuwa hayo ni madebe milioni kumi kwa meli moja. Na katika siku za kawaida meli zipitazo ni 36 hivi. Maji hayo yote lazima mvua iyarudishe.

Vyumba vipya, vikubwa zaidi, vilifunguliwa tarehe 26 Juni 2016. Kando yake yamejengwa mabwawa ya kuwekea maji, hivyo asilimia 60 ya maji hutumika tena. Hiyo ni faida. Lakini vyumba hivyo vimeingiza chumvi nyingi zaidi ziwani, na wataalamu wameona samaki wa baharini wakiongezeka katika ziwa lililokuwa la maji matamu. Jambo hilo si dogo, kwa maana ziwa hilo, pamoja na Ziwa Alajuela lililofanywa mwaka 1935 juu zaidi katika Mto Chagres, ndilo liupatialo maji ya kunywa mji mkuu wa Panama na mji wa Colón. Zaidi ya nusu ya watu wa nchi hiyo hunywa humo.

Kisiwa Kilichokuwa Kilima

Meli ikishaingia ziwani hupita kati ya visiwa vingi vya kijani kibichi. Hivyo havikuwa visiwa zamani. Ni vilele vya vilima ambavyo maji hayakuvifikia. Kilicho kikubwa zaidi chaitwa Barro Colorado, maana yake udongo mwekundu. Maji yalipopanda wanyama wa msitu walikimbilia huko. Mwaka 1923 kisiwa kilitengwa kiwe hifadhi, asikate mtu mti wala asiwinde, na tangu mwaka 1946 kimetunzwa na shirika lile la Smithsonian. Yasemekana ni vigumu kupata msitu mwingine wa nchi za joto uliochunguzwa kwa bidii kama huo. Tangu miaka ya 1980 kila mti katika eneo la hekta 50, hata mche wenye unene wa kidole kidogo, hupimwa na kuandikwa. Miti hiyo ni zaidi ya 200,000, nayo ni ya aina zipatazo 300.

Asubuhi mapema, kabla meli za kwanza hazijapiga honi, msitu hutetemeka kwa sauti za kima wangurumao. Kima huyu ni mweusi na mnene, na sauti yake husikika mbali kama simba kwa mtu asiyemjua. Juu ya miti huning'inia mnyama ambaye Wahispania walimwita mvivu. Hula majani, hutembea polepole mno, na manyoya yake huota mwani wa kijani hata asionekane. Aina moja hushuka chini mara moja tu kwa juma, kwenda choo. Wako ndege wenye midomo mikubwa ya rangi rangi kama hondohondo wa Afrika. Wako chungu wakatao majani vipande vipande na kuyabeba shimoni, si kuyala, bali kuoteshea uyoga ambao ndio chakula chao. Mkulima yu aweza kusema kwamba hao ni wakulima wenzake.

Mnyama mwingine wa kutazamwa ni aguti, aliye kama panya mkubwa asiye na mkia wa kuonekana, ukubwa wake ni wa paka. Wakati wa matunda hufukia mbegu ardhini, moja moja, awe na akiba wakati wa njaa. Nao huibiana. Wachunguzi walifunga vyombo vidogo vya redio katika mbegu za michikichi ya msituni, wakaona mbegu moja ikifukuliwa na kufukiwa tena mara 36. Nyingine husahauliwa, nazo huota. Hivyo mnyama mdogo asiyejua lo lote juu ya meli ni mmoja wa wapandaji wa msitu uzitunziao meli maji yake.

Lakini kisiwa kimefundisha jambo jingine pia. Hifadhi ikizungukwa na maji kila upande haipati wageni wa kujaza nafasi za waliokufa. Baadhi ya ndege waliokuwako zamani wametoweka kisiwani ijapokuwa hakuna aliyewapiga mshale wala bunduki. Miongoni mwao ni ndege mmoja mwenye madoa afuataye siafu, ambaye hudaka wadudu wawakimbiao siafu hao. Ng'ambo, katika msitu mkubwa wa bara, angali yuko.

Ziwani nako kumeletwa wageni. Mwaka 1964 nguva wachache, jamaa wa nguva wa bahari ya Lamu, waliletwa wale magugu ya maji ili mbu wasipate maficho. Wachache wangalimo hata leo. Karibu na mwaka 1967 samaki mlafi wa mito ya Amerika ya Kusini, aliyekuwa akifugwa bwawani kwa ajili ya uvuvi wa starehe, aliponyoka akaingia ziwani. Katika miaka michache alimaliza samaki wengi wadogo wa asili, na ndege waliokuwa wakiwala wakapungua. Waluo wavuao mbuta katika Ziwa Viktoria, ambaye naye aliletwa huko katika miaka ya 1950 na 1960, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Msitu na Malisho

Meli ikipita Gamboa, pale Mto Chagres uingiapo, huuacha upana wa ziwa na kuingia katika mkato wa Culebra, mahali ambapo mlima ulipasuliwa kwa urefu wa maili nane. Upande wa mashariki ni Hifadhi ya Taifa ya Soberanía, iliyotengwa mwaka 1980. Ndani yake mna njia ya zamani ya bomba la mafuta, ambapo watazamaji wamepata kuhesabu zaidi ya aina 300 za ndege kwa siku moja. Mwezi wa Oktoba na Novemba hupita angani mwewe na tai mizoga watokao kaskazini kwa mamia ya maelfu, wakiifuata nchi kavu ile nyembamba ili wasivuke bahari. Juu zaidi, kwenye chimbuko la mto, iko Hifadhi ya Chagres, na ndani yake wanaishi Waemberá katika vijiji vyao kando ya maji.

Hifadhi hizo hazikutengwa kwa ajili ya uzuri wake tu. Tangu barabara kuu ya kutoka bahari hata bahari ilipofunguliwa katika miaka ya 1940, wakulima maskini kutoka majimbo mengine waliingia katika bonde la Chagres, wakafyeka na kuchoma msitu, wakapanda mahindi na mpunga miaka miwili mitatu, kisha wakageuza mashamba kuwa malisho ya ng'ombe. Hawakuwa watu wabaya, walitafuta chakula. Lakini karibu nusu ya msitu ilikwisha, na udongo ulianza kuteremka katika maziwa. Mwaka 1978 mtaalamu wa misitu, Frank Wadsworth, alionya waziwazi kwamba kuangamia kwa misitu kutakuwa mauti ya mfereji. Palipofyekwa na kuachwa, leo huota majani marefu makali, jamii ya muwa mwitu kutoka Asia, ambayo huwaka moto kila kiangazi na kuizuia miti isirudi.

Je, ni kweli kwamba msitu hutunza maji? Tangu mwaka 2008 wachunguzi wa Smithsonian wamepima mito midogo mahali paitwapo Agua Salud, mmoja ukitoka msituni na mwingine ukitoka malishoni. Waliona kwamba mvua kubwa inyeshapo, maji ya malisho huja kwa kishindo na kwisha upesi. Ya msituni huja kwa upole, na wakati wa kiangazi mto wa msituni huendelea kutiririka kuliko ule mwingine. Miti nayo hunywa maji mengi, hilo halikatazwi. Lakini mizizi na majani yaliyooza hufungua ardhi, mvua ikazama ndani badala ya kukimbia juu. Kwa mfereji, kama kwa shamba, la maana si mvua iliyonyesha tu, bali ile iliyobaki mwezi wa Machi.

Panama ilikabidhiwa mfereji adhuhuri ya tarehe 31 Desemba 1999, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1977. Tangu hapo wenye mfereji wamejifunza kwamba askari wa misitu hawatoshi. Baadhi ya wakulima wa bonde hilo wamesaidiwa kupata hati za mashamba yao, wakapewa miche ya kahawa ya kupandwa chini ya vivuli na miche ya mbao, kwa sharti la kuihifadhi miti. Mwenye hati ya shamba na kahawa ya kuvuna ana sababu ya kuutunza mti.

Mwaka wa Ukame

Mwaka 2023 mvua zilipungua sana kwa sababu ya joto la Bahari ya Pasifiki liitwalo El Niño. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ulikuwa Oktoba kikavu kupita vyote tangu mwaka 1950, kumbukumbu hizo zilipoanza. Ziwa Gatun lilishuka, na visiki vya miti iliyozama karne moja kabla vikachomoza. Meli zilipunguziwa mizigo, na hesabu yake ikateremshwa hata zikapita kama 24 tu kwa siku. Nyingine zilingoja kwa majuma. Nyingine zilizunguka mbali. Mvua zilirudi mwaka 2024, lakini hofu ilibaki.

Dawa iliyochaguliwa na wenye mfereji ni kuuziba mto mwingine, Río Indio, ulioko upande wa magharibi, na kuyaleta maji yake katika Ziwa Gatun kwa njia ya chini ya mlima. Uamuzi wa mahakama kuu ya nchi mwaka 2024 uliufungulia mlango mradi huo, wenye gharama ya zaidi ya dola bilioni moja na nusu. Katika bonde hilo wanaishi watu 2,000 na zaidi ambao nyumba zao na mashamba yao yangezama. Wenye mfereji wameahidi makao mapya na fidia, nao husema kwa haki kwamba maji hayo ni ya kunywa pia, wala si ya meli peke yake. Wenyeji wengi hawajaridhika. Mwaka 2025 walishuka mtoni kwa mitumbwi kuupinga mradi, wakisema ya kwamba ardhi iliyowalea baba zao haina bei, na ya kwamba ahadi za namna hiyo zilikwisha kusikiwa zamani.

Hapo ndipo ilipo shida ya Panama, nayo haina jibu jepesi. Taifa haliwezi kuuacha mfereji ukauke, wala mtu wa mjini hawezi kukaa bila maji. Lakini maji hayo hayaanzii kwenye vyumba vya Gatun. Yaanzia mlimani, katika mti ulioachwa usimame na katika shamba la mkulima ambaye meli hazimjui. Mwaka 1912 mtu wa namna hiyo aliambiwa ahame, na hakuulizwa neno. Mjukuu wake wa Río Indio aomba angalau kuulizwa, na kusikilizwa, kabla maji hayajapanda.